Kazi ya Sanaa Nungwi: Mwongozo wa Daftari, Bei na Miezi ya Masika

Mwongozo huu ni wa msanii anayeishi kwa mikono au sauti yake Nungwi, Kendwa na vijiji vingine vya kaskazini mwa Unguja: mchoraji aliyekodi fremu karibu na ufukwe, mchongaji, mpaka hina, msukaji wa mikoba ya ukili, mpiga gita wa hotelini, kijana wa sarakasi. Baadhi yao ni wenyeji. Wengine wametoka Tunduru, Masasi, Dar es Salaam au Mombasa kuwafuata wageni. Shida yao ni moja: fedha huja kwa msimu, huja kwa mafungu, kisha hukatika. Msanii asiyejua kazi yake inamgharimu kiasi gani, wala nani anamdai na nani anadaiwa naye, hufika masika akiwa mtupu hata kama mwezi wa Agosti aliuza kuliko jirani zake wote. Kwa hiyo tunaanza na daftari, na mengine yote yaliyomo humu, kuanzia bei hadi mikataba na hakimiliki, yanategemea daftari hilo.

Daftari

Nunua kauntabuku yenye jalada gumu na uitenge kwa ajili ya sanaa peke yake. Hesabu za nyumbani zisiingie humo. Kila kazi inapokamilika ipe namba, kisha andika jina lake, kipimo, tarehe, gharama ya vifaa na mahali ilipo: fremuni, hotelini, au duka gani la Mji Mkongwe. Ikiuzwa, rudi kwenye mstari uleule uandike bei, siku, aliyemleta mteja na alicholipwa kwa kumleta. Andika jioni ileile kabla ya kufunga, kwa sababu ukilala, kitakachobaki kichwani ni bei uliyoitaja mwanzo, na ile uliyokubali mwisho itakuwa imekwisha kupotea. Kurasa za nyuma ziwe za madeni, upande mmoja unaowadai na upande wa pili wanaokudai. Simu peke yake haitoshi. Simu huibiwa, huzama baharini, na namba zake hupotea nayo.

Mchoraji ana jambo moja la ziada ambalo wengi hulipuuza. Nyuma ya kitambaa, kwa kalamu isiyofutika, andika jina lako kamili, jina la picha, mwaka, Nungwi, Zanzibar, na namba ya simu. Kabla picha haijakunjwa, itoe nje mchana, iweke kivulini ikiwa imenyooka, uipige picha, kisha uihifadhi kwa namba ile iliyo daftarini. Mgeni aliyenunua pundamilia wako mwaka huu akitaka wengine baada ya miaka miwili kwa ajili ya nyumba ya dada yake, atakupata kwa maandishi yale ya nyuma. Asipoyakuta, kazi yako itaning'inia ukutani kwake ikiitwa picha ya Zanzibar tu, na oda itakwenda kwa mwengine.

Bei

Hapa ndipo wasanii wengi wanapoumia, tena kwa hesabu ndogo. Tuchukue picha ya sentimita 60 kwa 80 juu ya kitambaa cha marekani. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, weka zako.

Kitambaa na rangi nyeupe ya kukiandaa, shilingi 6,000. Rangi za kuchorea, 9,000. Mbao za kuwambia na misumari, 5,000. Umefanya kazi siku mbili. Kama ungejihesabia ujira wa 20,000 kwa siku, hizo ni 40,000. Kodi ya fremu ni 150,000 kwa mwezi, nawe unatoa kazi 15, hivyo kila kazi inabeba 10,000. Jumla ni 70,000. Kwa bei hiyo umejilipa ujira wa siku mbili, basi. Hujapata faida, hujafidia picha iliyoharibika, wala hujaweka kitu cha masika. Ongeza 20,000 kwa ajili ya hayo. Sasa kinachopaswa kuingia mkononi mwako ni 90,000.

Anakuja anayekuletea mteja, naye anataka asilimia 20 ya bei. Wengi huchukua asilimia 20 ya 90,000, yaani 18,000, wakaijumlisha na kutaja 108,000. Lakini mwenzako atadai asilimia 20 ya 108,000, ambayo ni 21,600, nawe utabaki na 86,400. Umepoteza 3,600 bila kujua. Kwa kazi 15 za mwezi ni 54,000, zaidi ya theluthi ya kodi ya fremu. Hesabu sahihi ni kugawa: 90,000 gawa kwa 0.8, unapata 112,500. Hiyo ndiyo bei ya chini kabisa pale kamisheni inapohusika. Iandike daftarini kwa msimbo unaoujua mwenyewe, na usishuke chini yake hata asubuhi unapotaka kufungua biashara.

Bei ya kuanzia iwe juu ya hapo kwa kiasi cha kuacha nafasi ya kupatana, lakini isipandishwe mara nne au tano. Wageni wanaokaa Nungwi hurudi hotelini wakaulizana walinunua kwa kiasi gani, na anayegundua kwamba alitozwa mara tatu ya mwenzake hatarudi kwako, tena atawaeleza wengine. Vilevile ni busara majirani wa fremu mkakaa pamoja mwanzoni mwa msimu mkakubaliana bei ya chini ya vipimo vya kawaida. Kuuana bei kunawanufaisha wanunuzi kwa wiki chache, kisha kila mmoja wenu anakwama na bei aliyoishusha mwenyewe. Na bei zote ziandikwe kwa shilingi: kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni katika biashara ya ndani ya Tanzania.

Mali kauli na kamisheni

Duka la hoteli au la Mji Mkongwe likichukua kazi zako kwa mali kauli, yaani utalipwa zitakapouzwa, usiondoke bila karatasi. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha. Utaje namba na majina ya kazi, kiasi utakachopata kwa kila moja, siku ngapi baada ya mauzo utalipwa, nani atabeba hasara kazi ikipauka kwa jua, ikinyeshewa au ikiibiwa, na lini zisizouzwa zitarudishwa. Miezi mitatu ni muda wa kutosha. Kazi iliyokaa dukani zaidi ya hapo inakufungia mtaji. Wote wawili mtie saini, kila mmoja abaki na nakala. Mwenye duka akisema karatasi ya nini na sisi ni ndugu, mjibu kwa upole kwamba mnaandika ili undugu usije ukagombana na hesabu. Kisha nenda dukani kila mwezi ukahesabu kwa macho yako.

Kwa papasi, yaani wanaokuletea wageni kwa kamisheni, na waongoza watalii kanuni ni moja: kiwango kijulikane kabla mteja hajafika, kiwe kilekile kwa wote, na kilipwe baada ya fedha kuingia mkononi. Usiwadharau. Wengi wao ni vijana wa hapahapa wanaotafuta riziki kama wewe, na anayelipwa vizuri siku hiyohiyo hukukumbuka. Lakini usikubali mtu yeyote akupangie bei ya kazi yako.

Mwaka mzima kwa fedha za miezi saba

Miezi ya wageni wengi Nungwi inajulikana: kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Oktoba, kisha katikati ya Disemba hadi Februari. Vuli hupunguza mwendo kidogo. Masika, Machi hadi Mei, hukausha kabisa. Baadhi ya hoteli hufunga milango ili kufanya ukarabati, na rangi ya mafuta nayo hukataa kukauka kwa unyevu. Kwa tahadhari, hesabu kwamba una miezi saba ya mapato. Kama nyumba yako inatumia 400,000 kwa mwezi, mwaka mzima ni 4,800,000. Ukigawa kwa saba, kila mwezi wa msimu unatakiwa kukupa karibu 686,000 za nyumbani tu, kabla ya vifaa na kodi. Anayebakiwa na 700,000 mwezi wa Agosti baada ya vifaa na kodi akajiona tajiri, kwa hesabu hii amevuka mstari kwa shilingi 14,000.

Fedha za masika ziondoke mkononi siku ileile ya mauzo. Wengine hutumia akaunti ya pili benki isiyo na kadi, wengine upatu. Upatu ni mzuri ukiwa na watu unaowajua na zamu yako ikipangwa Machi au Aprili; zamu ya Agosti itakupa fedha wakati ambao huna shida nazo, nazo zitakwenda. Yapo pia makato ya hiari ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, kwa waliojiajiri. Msanii hana mwajiri wa kumkatia, na mkono wa mchongaji wa miaka 60 haushiki tezo kama wa miaka 30. Nenda ofisini kwao ukaulize kiwango cha chini cha kuchangia, uanze nacho.

Mwaka 2020 uliwafundisha wasanii wa pwani hii jambo gumu zaidi kuliko masika: ndege zilisimama, na fremu zikakaa miezi bila mgeni. Waliokuwa na shamba, boti ya jamaa, ufundi wa rangi za nyumba au wanafunzi wa kuwafundisha walipata pa kushika. Kuwa na kazi ya pili si aibu kwa msanii. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu mwaka 1880, alikuwa mfinyanzi na muuza vyungu kabla ya kuwa sauti ya Zanzibar nzima.

Kuna jambo jengine ambalo wanamuziki na wacheza ngoma wanapaswa kulipangia mapema. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Kwa miaka kadhaa iliyopita uliangukia miezi ambayo wageni walikuwa wachache hata hivyo. Sasa unaingia katikati ya msimu wa kaskazi: mwaka 2027 unatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, 2028 mwishoni mwa Januari, na mwaka 2030 utaanza mara mbili, Januari mwanzoni na tena mwishoni mwa Disemba. Nungwi ni kijiji cha Waislamu kabla ya kuwa ufukwe wa watalii, na muziki hupungua mwezi huo kama inavyostahili. Bendi inayotegemea Januari na Februari kulipa madeni ya mwaka inapaswa kuanza kuhamishia uzito wake Julai hadi Oktoba tangu sasa.

Mkataba wa hotelini

Bendi nyingi za kaskazini hupiga kwa makubaliano ya mdomo na meneja ambaye baada ya miezi sita atakuwa amehamia hoteli nyengine. Makubaliano yakiandikwa na kutiwa muhuri wa hoteli, meneja mpya atayakuta. Andikeni kiasi cha malipo kwa usiku na siku ya kulipwa. Saa za kupiga na mapumziko. Nani analeta spika na nani analipa zikiungua umeme unapocheza. Chakula na maji. Na usafiri wa kurudi. Hilo la usafiri lisisahauliwe. Daladala ya 116 haikungoji saa sita za usiku, na teksi ya kurudi mjini inaweza kumaliza malipo ya mpiga ngoma mmoja. Wekeni pia kifungu cha kufuta: hoteli ikivunja onyesho siku hiyohiyo, bendi ilipwe angalau nusu, maana mmekwisha kuacha kazi nyengine.

Ndani ya bendi yenyewe mgao usemwe wazi. Kiongozi anayetafuta kazi na mwenye vyombo wana haki ya fungu la ziada, lakini liwe fungu linalojulikana na wote. Bendi nyingi huvunjika kwa fedha ambazo hakuna aliyeziiba. Kila mtu alikuwa akihesabu kivyake.

Kwa oda za picha au michongo, chukua arubuni ya nusu ya bei kabla ya kununua vifaa. Mteja wa ng'ambo asitumiwe kazi mpaka fedha zote ziwe zimeingia na benki imethibitisha. Kuna ulaghai unaowalenga wasanii dunia nzima: mtu anaandika akisifu kazi, anatuma hundi au risiti ya malipo yenye kiasi kikubwa kuliko bei, kisha anaomba umrudishie kilichozidi. Hundi hiyo ni ya uongo, na ulichorudisha kimekwenda. Ukimkuta wa namna hiyo, acha kumjibu.

Jina lako na haki yako

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta za dukani juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, na kazi zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mtu mwengine, akafa akiwa na umri wa miaka 40. Alikuwa amechora kwa miaka michache tu. Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza mtindo, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika kwa jina lake. Leo jina hilo limeandikwa kwenye mabango ya fremu nyingi za Nungwi, na kazi za mkono wake mwenyewe zinasakwa na wakusanyaji wa sanaa huku za kughushi zikizagaa. Wanafunzi wake waliofanikiwa zaidi ni wale waliotia saini majina yao wenyewe na kutafuta wanyama, watu na habari zao wenyewe ndani ya mtindo ule.

Kwa hiyo mchoraji wa Nungwi awe na mafungu mawili ya kazi. Fungu la kwanza ni simba, twiga na majahazi ya machweo, yanayoleta unga nyumbani, na hakuna ubaya. Fungu la pili ni kazi ambazo hazipatikani fremu ya jirani: mafundi wa majahazi wakipiga kalafati ufukweni, wanawake wakirudi na vikapu vya samaki, chochote ulichokiona kwa macho yako. Hizo zisipungue moja kwa mwezi, bei yake iwe tofauti, na zisinakiliwe. Kama una wanafunzi wanaokusaidia kujaza rangi, amueni mapema ni kazi zipi zinabeba saini yako na zipi zinabeba yao. Msanii George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, alitumia wasaidizi wengi katika miaka yake ya mwisho, na hadi leo wanunuzi wanabishana ni zipi zilizotoka mkononi mwake.

Wanamuziki nao wana kisa chao, tena cha hotelini. Wimbo wa Jambo Bwana, ambao kila bendi ya ufukweni kuanzia Lamu hadi Nungwi huuimba kila usiku, ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison na kutolewa na bendi yake ya Mombasa, Them Mushrooms, mwaka 1982. Mwaka uliofuata kundi la Boney M likaurekodi kwa namna yake. Wimbo wa kuwakaribisha watalii una mwenyewe, na mwenyewe ana haki. Wewe unayetunga wimbo kama huo leo kwa ajili ya wageni wa hoteli yako unapaswa kujua hivyo tangu siku ya kwanza.

Hakimiliki huanza pale kazi inapoumbwa, haisubiri muhuri. Muhuri unasaidia siku ya ugomvi. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. COSOTA ni ya Bara. Mtunzi asajili nyimbo zake COSOZA na awaorodheshe wote walioshiriki kutunga, kwa asilimia zilizokubaliwa siku ya kurekodi, maana wimbo ukishapata jina kila mtu hukumbuka kwamba alichangia. Usisaini karatasi ya studio au ya mpiga filamu inayosema unatoa haki zote milele. Ruhusu matumizi fulani, kwa muda fulani, kwa bei fulani.

Vibali

Msanii asiye mwenyeji aanze kwa sheha wa shehia anayoishi, ajitambulishe na afuatilie kitambulisho cha ukaazi. Bila hicho milango mingi inayofuata haifunguki. Leseni ya biashara ya fremu iulizwe halmashauri ya Kaskazini A. Maonyesho ya hadhara na vikundi vya sanaa viko chini ya Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, maarufu BASSFU. Katika kodi Zanzibar ina milango miwili: TRA hushughulikia kodi ya mapato, na ZRA kodi za Zanzibar yenyewe. Mwenye daftari lililokamilika hukadiriwa kwa alichouza kweli, na hili peke yake linalipia bei ya kauntabuku mara nyingi.

Mwili na malighafi

Wapaka hina wasikilize kwa makini. Hina ya asili hutoa rangi ya kahawia au nyekundu. Piko, ile rangi nyeusi ya nywele ambayo wageni huipenda kwa kuwa inakauka haraka na kung'aa, ina kemikali iitwayo PPD. Ikipakwa kwenye ngozi inaweza kuunguza, kutoa malengelenge, na kumwachia mtu mzio wa maisha. Madhara mara nyingi hutokea siku kadhaa baadaye, mgeni akiwa amekwisha kurudi kwao, ndiyo maana mpakaji hayaoni na hudhani hakuna tatizo. Usimpake mtu piko, na mtoto ndiyo kabisa. Akiitaka nyeusi, mweleze sababu na umwoneshe hina iliyokoza. Mikono yako mwenyewe inaguswa na rangi hiyo kila siku kuliko ya mteja yeyote.

Mchoraji anayetumia rangi za mafuta na tapentaini ndani ya fremu yenye mlango mmoja afanyie kazi nje au aweke feni inayotoa hewa, na matambara yaliyolowa yasirundikwe pamoja, kwani hushika moto. Mchongaji avae kitambaa cha pua anapopiga msasa. Vumbi la mpingo huwasha kifua na ngozi. Magamba ya kasa, na hasa ya ng'amba, yasitumike kwa pambo lolote: kasa analindwa kisheria, biashara yake imepigwa marufuku kimataifa, na mgeni atakayekamatwa nalo uwanja wa ndege atataja aliponunua. Matumbawe yaachwe baharini.

Kupanda ngazi

Wageni wa ufukweni ni soko la kuanzia. Mwanamuziki anayetaka kwenda mbali ajue kwamba tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Mji Mkongwe tangu 2004, hutaka muziki wa vyombo unaopigwa jukwaani papo hapo; anayezoea kuimba juu ya muziki uliorekodiwa hana nafasi pale. Chuo cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa mwaka 2002, hufundisha udi, kanuni, fidla na nadharia, na Aprili iliyokufa hotelini ni mwezi mzuri wa kujifunza. Mchoraji aiangalie Nafasi Art Space ya Dar es Salaam, ambayo imekuwa ikiwapa wasanii nafasi za kazi na mafunzo tangu 2008. Maombi ya namna hii yote hudai vitu vilevile: maelezo mafupi ya maisha yako, picha safi za kazi 10 hivi, vipimo na miaka yake. Aliyefuata ushauri wa mwanzo wa mwongozo huu anavyo tayari daftarini, na anaweza kujibu tangazo siku lilipotoka.

Nyumbani

Kijijini msanii akiuza picha kubwa, habari humtangulia nyumbani. Harusi, msiba, ada ya skuli ya mtoto wa kaka, yote ni haki na hayakwepeki. Yawekee fungu lake la kila mwezi, lijulikane, na likiisha sema limekwisha hadi mwezi ujao. Ndugu wengi huelewa zaidi wanapojua kuna fungu kuliko wanapoambiwa huna, na wao wameona mteja akitoa fedha.

Mwishowe, yupo mtu mmoja nyumbani anayepaswa kujua daftari linakaa wapi, kazi zako zipo maduka gani kwa mali kauli, nani anakudai, na nyimbo zako zimesajiliwa kwa jina gani. Hakimiliki hurithiwa kama shamba. Mfunulie daftari mke, mume, mama au mtoto mkubwa, mpitie mstari kwa mstari, na umwoneshe zilipo zile karatasi zenye saini. Fanya hivyo masika, mvua inaponyesha na fremu imefungwa, na kila msimu unapoanza mweleze mapya yaliyoongezeka.